Mama Yangu Hakutoka Peke Yake

Ndugu zangu, wababa na wamama, asante kwa kunipa nafasi. Anayeongoza mkutano huu ameniomba niseme jinsi Bwana alivyoniinua. Nitasema. Lakini mniruhusu niseme kwanza jinsi nilivyoangushwa, maana walioniangusha hawakuwa wapagani. Walikuwa watu niliowabatiza kwa mikono hii. Sitataja jina la mtu. Wengine mmeketi hapa, mnajijua, na mimi nawaona.

Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Mama alinilea kwa shamba la mihogo na mahindi, upande wa barabara ya Kaniama, na alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuna aliyemlipa: alizalisha wanawake. Hapa Kamina, uchungu ukimshika mwanamke na hospitali iko mbali, watu walikuja kumgongea mama. Wengi mnaonisikiliza mlitoka tumboni mkaangukia mikononi mwake.

Nilipopata wito, ni yeye aliyenisindikiza mpaka stesheni nipande gari-moshi kwenda Lubumbashi kusoma theolojia. Niliipenda miaka ile. Siko hapa kusema masomo ni kitu kibaya. Nilijifunza Kiyunani, nilijifunza historia ya kanisa, nilijifunza kupanga mahubiri hata mtu wa kiti cha mwisho asisinzie. Niliporudi na diploma, mama aliishika, akaigeuza huku na huku, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilipewa kanisa changa, watu wachache chini ya hema. Tulifyatua matofali pamoja, tukayachoma, tukajenga. Nyumba ya mchungaji ilikuwa ndani ya lupango ile ile ya kanisa, ukuta mmoja unatuzunguka sote. Nikamleta mama akae nasi, pamoja na mke wangu na watoto, maana alikuwa amezeeka na macho yake yalianza kufifia.

Kisha ukaja msimu ule wa mvua ulioleta surua. Mnaukumbuka. Watoto walikufa mtaani kwetu, na wengine walikuwa watoto wa kanisa. Mimi niliwazika. Nilikuwa nikitoka makaburini, napita kwa wazazi, nawaambia wawapeleke waliobaki wakachanjwe. Wengine walikwenda. Wengine waliniambia ugonjwa huu si wa sindano.

Mzee mmoja wa kanisa alifiwa na mjukuu wake. Huyo ndiye aliyemwalika nabii kutoka mji mwingine aje kutuombea. Sikukataa. Nilidhani maombi ni maombi. Nabii yule alisimama mahali ninaposimama mimi kila Jumapili, akafumba macho, akasema mkono unaoua watoto uko ndani ya lupango ya kanisa, mkono wa zamani, unaowapokea watoto ili uwajue. Ndugu zangu, nawaambia, hakuhitaji kutaja mtu. Kanisa zima liligeuka likamtazama mama yangu. Yeye hakuona vizuri, akamwuliza mke wangu kwa nini watu wamenyamaza.

Baraza la wazee liliniita. Nilikwenda na Maandiko chini ya kwapa na kila nilichojifunza kichwani. Niliwaeleza habari za hofu na ushirikina, nikawaonyesha mistari, nikawakumbusha kwamba watoto wa mitaa mingine wamekufa pia, na mama yangu hajawahi kufika huko. Walinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Halafu yule mzee aliyefiwa akasema:

"Pasta, sisi tunakupenda. Lakini mama yako atoke mu lupango ya kanisa. Kama hapana, mutoke nyote."

Nikamwuliza: "Atoke aende wapi?"

Akasema: "Ile hatujue."

Nilimtafuta aliye upande wangu katika chumba kile. Mmoja alitazama chini. Mwingine, niliyemfungisha ndoa, alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu chake.

Nilipofika nyumbani, nilikuta habari imenitangulia. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anafunga sufuria yake ndani ya kitenge. Alitaka kwenda kwa ndugu yake upande wa Kabondo-Dianda. Hakujua kwamba ndugu huyo alikuwa amekwisha kutuma ujumbe kwa simu: asije, huku pia wamesikia.

Nikamwambia: "Mama, banasema weye njo unakula batoto."

Akajibu pasipo kuinua kichwa: "Minyi siko na meno ya kukula mahindi. Batoto nitakula na nini?"

Nilicheka. Nawaambieni ukweli, nilicheka, na kicheko kile kikageuka kilio, na yeye akaendelea kufunga sufuria yake. Nikamwambia kama anatoka, tunatoka wote. Mke wangu alikuwa amekwisha kuanza kukunja magodoro. Hatukujadiliana.

Tulitoka mchana, watu wakitazama. Wanawake aliowazalisha mama waligeuza nyuso. Kila nyumba tuliyoomba kupanga, mwenye nyumba alitutazama, kisha akamtazama mama, kisha akasema imekwisha kupata mtu.

Aliyetupokea si Mkristo. Ni mfanyabiashara Mwislamu, watu wake walitoka Maniema zamani, ana duka la vitambaa na chumvi karibu na stesheni. Nilikuwa nikimsalimu tu nikipita. Alitukuta tumesimama na mizigo, akauliza, nikamweleza yote, hata neno lile la uchawi. Akafungua ghala nyuma ya duka.

"Humu muko mifuko," akasema. "Tutaisogeza. Mukuye ndani, mama apumuzike."

Mke wake alileta bukari, ugali wetu, na samaki siku ile, na siku zilizofuata, mpaka nilipopata kazi ya kubeba mahindi kwa baiskeli kutoka vijijini. Ndiyo, ndugu zangu, pasta wenu mwenye diploma alisukuma baiskeli yenye magunia kwenye tope, na waumini wake walimpita kwa pikipiki wakijifanya hawamjui.

Sasa nifike pale nilipoanguka kabisa. Kufukuzwa hakukuwa kuanguka. Kuanguka ni kwamba niliacha kusali. Nikikaa kula, mke wangu ndiye aliyeombea chakula, mimi natazama ukuta. Vitabu vyangu vya chuo vilikuwa ndani ya boksi juu ya mifuko ya chumvi, sikuvigusa. Nilikuwa najua kuandika neno la Kiyunani la kusamehe, nalijua na mizizi yake. Moyoni sikuwa nalo. Moyoni nilikuwa nataka surua irudi, iingie katika nyumba ya mzee yule. Mnanitazama vibaya? Tazameni. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo.

Siku moja mvua ilininyima safari, nikabaki ghalani. Mama alikuwa amelala mkekani, nguvu zilikuwa zimeanza kumwacha. Akaniomba nimsomee. Nikamwambia nimechoka na kitabu hicho.

Akasema: "Weye umechoka. Minyi sijaanza."

Mama yangu hakujua kusoma. Alinisomesha mimi mpaka nikasoma lugha za wafu, na katika miaka yote ile sikuwahi kukaa chini nikamsomea. Niliwasomea watu kanisani. Yeye alikuwa jikoni anawapikia wageni wa kanisa.

Nikalifungua boksi. Nilianza kusoma habari za mateso ya Bwana, kwa sauti kavu, kama mtu anayesoma tangazo. Nilipofika pale rafiki zake walipomkimbia, mama aliniuliza:

"Na mama yake? Ye pia alikimbia?"

Nikasema: "Hapana. Alibaki."

Akasema: "Basi, soma."

Chuoni nilikuwa nimeandika kurasa nyingi juu ya sura ile. Niliandika juu ya vitenzi vyake. Sasa nilijikuta nasoma machozi yakidondokea karatasi, maana kwa mara ya kwanza sikuwa natafuta cha kuwahubiria watu. Nilikuwa nasoma tu. Toka siku ile nilimsomea kila nilipoweza. Wasukuma baiskeli wenzangu wakaanza kuja kukaa kwenye magunia wasikilize. Kanisa dogo mnalolijua leo lilianzia hapo, katikati ya chumvi.

Mama alifariki kiangazi. Nilituma habari kwa kanisa langu la zamani. Wazee walijibu kwamba hawatakuja, wala kwaya haitakuja. Jeneza lilibebwa na ndugu za yule mfanyabiashara, na katekista wa parokia ya Katoliki, na wasukuma baiskeli. Sala niliiongoza mwenyewe, kwa Kiluba, lugha yake.

Tulipokuwa tunafukia, alikuja mwanamke mmoja wa kanisa lile, aliyefiwa na mtoto wakati wa surua. Alitupa udongo, akanisogelea.

"Pasta, mutoto yangu alikufa na surua. Nilijua. Niliogopa kusema."

Sikumwambia nimekusamehe. Isingekuwa kweli. Nilimwambia asante kwa kuja. Leo ninamsamehe, na kesho itanibidi nimsamehe tena. Mzee wa kanisa, bado. Naomba kila siku niweze. Nikipita pale naona matofali niliyoyachoma, na uchungu hupanda mpaka mdomoni kama dawa ya malaria. Mtu asiwadanganye kwamba ushuhuda unaondoa uchungu.

Namshukuru yule mwenye duka na mke wake. Namshukuru katekista. Nawashukuru vijana wa baiskeli. Mke wangu, ambaye aliomba badala yangu nilipokuwa bubu, sina neno la kumtosha.

Nilichojifunza ni hiki: Neno nililolisoma ili niwe mkubwa liliniacha siku ya kwanza ya shida. Nililolisoma kando ya mkeka wa mama ndilo linalonisimamisha hapa.

Na jambo la mwisho. Kuna bibi mmoja mjane, ng'ambo ya reli. Tangu juzi watu wanamnong'ona, na mnajua wanasema nini, maana wengine mmelisema wakati mnaingia hapa. Kesho asubuhi nitakwenda kukaa mlangoni pake. Msiniambie amina. Yeyote anayetaka kunishukuru kwa ushuhuda huu, aje na kiti chake.