Kadi ya Michezo na Maneno ya Kipaza

Benchi la nje ya kibanda cha fundi viatu halina egemeo. Ncha yake moja tu imeingia kwenye kona ya ukuta, na hapo kwenye ukuta ni mahali pa Nyundo, maana kibanda ni chake, benchi ni lake, na domo la kutetea vyote viwili analo. Ubavuni mwake hukaa Kipaza, rafiki yake tangu wakiwa na kaptula. Kipaza alikuwa mnadi nguo sokoni, na sauti yake ilifika mtaa wa pili bila msaada wa chombo chochote, ndiyo akapata jina. Kisha kiharusi kikampiga. Upande wa kushoto ukalegea, na maneno yakawa yanamtoka yamesagika, huyajui kichwa wala mkia. Ncha ya pili ni ya Redio, fundi feni na pasi, mtu asiyezimika. Mbele yao, kwenye kigoda, yupo Shangazi na birika lake la kahawa.

Asubuhi hiyo binti yake Kipaza alipita mbio akielekea kazini, akaacha simu juu ya benchi.

— Baba mdogo, nimeshaifundisha mashine, alimwambia Nyundo. Baba akisema, simu itatamka alichosema. Ijaribuni. Ila ile kadi ya kompyuta niliyoifundishia ni ya kuazima, duka la michezo ya video wanaitaka kesho. Kama haimfai Baba, basi tena.

Akambusu baba yake kwenye paji la uso, akaondoka.

Sasa simu imewashwa, na wote wameiinamia kama wanaangalia mtoto mchanga. Kipaza akavuta pumzi, akanguruma: sauti moja ndefu, halafu mbili fupi. Simu ikasema kwa sauti ya madaha:

— Asante, rafiki yangu.

Shangazi akapiga makofi. Lakini Kipaza alitikisa kichwa, akanguruma vilevile, kwa nguvu zaidi.

— Asante, rafiki yangu.

Kipaza akalipiga benchi ngumi kwa mkono wake mzima, kahawa ikaruka. Kisha akageuza uso akaangalia barabarani.

— Si nilisema? Redio akaanza. Kadi ile imezaliwa kuchora magari ya mashindano na watu wanaorushiana risasi. Leo unaipa kazi ya kumsikiliza mzee wa watu! Itamwelewa wapi?

— Acha maneno yako, Shangazi akasema. Mtoto alinieleza mwenyewe, nikaelewa na kichwa changu hiki. Ubongo wa kawaida wa kompyuta ni fundi mmoja hodari. Mpe gunia la maharage achambue, atachambua vizuri, lakini punje moja baada ya nyingine. Kadi ile ni vibarua maelfu. Hawajui kazi kubwa, wanajua vijihesabu vidogo tu, lakini wanafanya wote kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana inachora picha upesi, na ndiyo maana inajifunza upesi.

— Maelfu? Ndani ya kitu cha ukubwa wa tofali?

— Ndiyo hivyo.

— Basi wanagombana humo! Mimi nimeiona kwao Kipaza, inapuliza joto kama imepandwa na hasira. Wale wanasukumana, Shangazi. Wanagombea nafasi.

— Joto lenyewe Kipaza anapashia miguu, na analipenda.

— Ehee! Hapo ndipo walipoharibika. Wamemzoea, wakawa wavivu. Kibarua ukishakaa naye miguu kwa miguu hakuogopi tena.

— Redio!

— Ngoja, sijamaliza. Au bado wana mawazo ya michezo. Wakisikia sauti nzito wanadhani ni adui, wanaamua kumshukuru mapema asije akawalipua.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Hata Kipaza mdomo ulimcheza kidogo. Nyundo peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kiatu cha mteja, sindano imesimama katikati ya soli.

Mteja mwenyewe, mama mmoja mgeni pale mtaani, alikuwa amesimama kando, mguu mmoja na kiatu, mwingine mtupu juu ya kipande cha katoni.

— Samahani kuwaingilia, akasema. Hao vibarua wanajuaje kama wamekosea?

— Wanakisia, Shangazi akajibu. Wakikosea wanasahihishwa, wanakisia tena, mpaka wapatie.

— Wanasahihishwa na nani?

— Na majibu. Mtoto alirekodi sauti za baba yake hapa hapa, akawa anakuja jioni, mzee ameshapelekwa nyumbani, anatuuliza: hapa Baba alisema nini, na hapa je? Tukamjibu. Nyumbani mzee hasemi kitu. Hapa anasema na sisi tunamjibu, kwa hiyo sisi ndio tunaomwelewa.

Alilisema hilo kwa fahari, kidevu juu.

— Sawa, yule mama akasema. Lakini nyinyi mlijuaje? Mlimuuliza mwenyewe?

Shangazi akaanza kufuta vikombe vilivyokwisha kufutwa. Redio akajikuna shingo. Kipaza aligeuka polepole kutoka barabarani, akawatazama mmoja mmoja.

Nyundo aliweka kiatu chini. Tangu rafiki yake arudi kutoka hospitali, kila aliponguruma, Nyundo alimjibu bila kusita: naam, kabisa, umesema kweli kaka, jua la leo si mchezo. Angefanyaje? Mtu aliyekuwa akilifanya soko zima litege masikio, umwambie usoni kwamba hasikiki? Alihofia kumvunja moyo. Kisha mtoto alipokuja na maswali yake, aibu ikamshika, akatunga. Ile sauti ndefu na fupi mbili, ambayo Kipaza huitoa kila asubuhi mara tu anapoketishwa, yeye ndiye aliyesema inamaanisha asante, rafiki yangu. Aliipenda tafsiri hiyo. Sasa vibarua maelfu wamefundishwa uongo wake mmoja, na wote wameushika barabara.

— Kaka, akasema. Mimi sikuelewi. Sijakuelewa tangu urudi. Nisamehe.

— Hata mimi, Redio akanong'ona.

Shangazi alilia tu, waziwazi, kanga mdomoni.

Kipaza akafumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika, Nyundo akadhani amemuua. Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanamtoka, na ule mkono mzima unampiga Nyundo gotini kama enzi zile.

— Haya, sema tena ile ya asubuhi, Nyundo akasema akijifuta pua. Nikipatia, dole juu. Unataka kahawa?

Dole chini.

— Jua linakuchoma?

Chini.

— Redio anyamaze?

Dole likayumba kidogo, juu, chini, juu.

— Aka! Redio akasema.

Kipaza akanyoosha mkono kuelekea ukutani. Nyundo alikumbuka. Siku za mwanzo alikuwa akionyesha vivyo hivyo, na yeye akamshushia kofia iliyotundikwa pale, akamvisha. Mwishowe Kipaza akachoka kuonyesha.

— Ukuta? Unataka kukaa kwenye ukuta?

Dole likapanda juu, likabaki huko.

Ndipo Nyundo alipouona ule mkono wa kulia, siku zote umeng'ang'ania ukingo wa benchi, na ule ubavu wa kushoto usio na nguvu, ukining'inia bila kitu cha kuegemea. Rafiki yake alikuwa akimwambia kila asubuhi: sogea, nitaanguka. Naye akimjibu: kabisa, kaka.

Aliinuka. Wakamhamisha, Redio huku, Nyundo huku, bega la kushoto likakutana na ukuta. Kipaza akashusha pumzi, na mkono wa kulia ukaachia benchi.

Shangazi alimpigia binti simu, akamweleza kila kitu bila kuficha.

— Yote mlitunga? binti akauliza.

— Yote, mwanangu.

— Basi mashine si mbovu, akasema, na alikuwa analia au anacheka, haikujulikana. Imejifunza vizuri kabisa. Shangazi, sauti zote zimo kwenye hiyo simu. Mchezesheeni Baba moja moja, yeye mwenyewe aseme ndiyo au siyo. Nikipata majibu ya kweli leo, kwa kadi hii usiku mmoja unatosha. Bila kadi ni miezi.

Redio akavuta kigoda cha kibandani, akakisogeza karibu. Shangazi akamimina kahawa iliyobaki, kikombe cha kwanza kikaenda ukutani. Nyundo akabonyeza simu, ikatoa mngurumo mfupi wa siku nyingine. Kipaza akausikiliza, akatabasamu, akaanza kunguruma jambo refu, jipya kabisa.

— Na kiatu changu? yule mama akauliza.

— Ngoja kidogo, mama, Nyundo akasema. Kuna mtu anaongea.