Koti la Muuza Chaza

Fundi saa hakukusudia kusikiliza, ila wale abiria wawili waliketi mbele yake basini na hawakunong'ona. Mpimaji wa maji ya bahari alipakata sanduku la barafu. "Samahani, shangazi, koti lako lisiguse hili sanduku."

"Kwani nina upele?" akauliza muuza chaza, mvua ikimchuruzika.

"Makoti ya mvua hupakwa kemikali isiyooza. Ndiyo tunayoitafuta baharini. Humu mna chaza wa ghuba ya kusini."

"Ghuba ninayookotea mimi?"

"Hiyo hiyo. Kipimo kikizidi, inafungwa."

"Yaani unaihangaikia kemikali topeni, nami nimeivaa hapa! Umesoma miaka mingapi, mwanangu?"

"Minane."

Fundi saa aliona kwamba miaka minane haikumfundisha kuhama kiti.

Basi likafunga breki ghafla. Sanduku likapinduka, chaza wakamwagika. Shangazi, mwepesi wa mikono, akawazoa kwa upindo wa koti na kuwarudisha wote. "Sema asante!"

Mpimaji alikodoa macho. "Shangazi, umewapaka kemikali ya koti; umejifungia ghuba mwenyewe."

"Basi watupe, kachukue wengine."

"Boti ya vipimo hutoka mara moja kwa mwaka."

"Andika kwamba koti liliwagusa."

"Wataniita mzembe."

"Usipoandika nitakula nini? Koti?"

Basi likasimama mbele ya maabara. Mpimaji akashuka na sanduku lake. Shangazi naye akashuka, ingawa kituo chake kilikuwa mbele bado, akamfuata mvuani huku amevua koti na kulikunja kwapani kama ushahidi.