Barua Aliyoirudisha Tokuzo

Marehemu Tokuzo Iwamuro, ambaye leo tunayalaza majivu yake kwa wazee wake, alizaliwa tarehe 3 Februari 1946 mjini Hatori, Japani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Bi Matsuno na mzee Eikichi, fundi wa mikeka ya tatami. Wasifu huu anausoma mdogo wake, Yaeko, aliyemvumilia maisha yake yote.

Alimaliza shule mwaka 1961 akaingia karakana ya baba. Alikuwa mbishi, hasa! Mkeka ukizidi nusu ukucha aliufumua wote, mteja akisubiri mlangoni.

Tarehe 9 Mei 1971 alimwoa Sumie, mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Binti yao Chigusa alizaliwa 1974. Machi iliyofuata mtoto alipewa matone ya chanjo ya polio, na Sumie akiwa zamu, baba ndiye aliyebadilisha nepi. Mwezi haukuisha, mguu wa kulia wa Tokuzo ukapooza. Mtoto hakupata hata mafua. Daktari alisema virusi vya matone vilitoka na choo cha mtoto.

Mwaka 1977 Tokuzo alidai fidia manispaa. Karani akacheka.

“Bwana Iwamuro, aliyechanjwa ni nani?”

“Mtoto. Nepi nilibadilisha mimi.”

“Mwanamume? Hatori hii?”

Akaulizwa Bi Matsuno. Jamani, mama yetu! Kwa kulinda heshima ya mwanawe, alikana katakata: “Nyumbani kwangu mwanamume hashiki kinyesi.” Kisha akagonga muhuri wake wa jina, ambao kwetu ndio sahihi. Karatasi hiyo ilikaa kwenye faili miaka ishirini na mmoja, na kila karani mpya aliisoma kama maandiko matakatifu.

Mwaka 1998, akiwa na miaka themanini, Mama alijikongoja hadi ofisini. “Nilisema uongo,” alisema. “Nepi alizibadilisha, tena vizuri kuliko mimi.” Akagonga muhuri upya. Mwaka uliofuata akafariki.

Barua ya kukubaliwa ilifika 2003. Sumie akapika wali wa maharage mekundu, chakula cha sherehe. Tokuzo akaisoma, akaikunja, akairudisha bila muhuri.

“Baba Chigusa, una wazimu? Gonga yaishe!”

“Kuna neno limepinda.”

Lipi? Hakusema. Tulimwita kichwa kigumu, wa kwanza Yaeko huyu huyu. Aliandikiana na ofisi miaka minane mingine! Mwaka 2011 akagonga muhuri, na kwa uchovu hakuna aliyeuliza kilichobadilika.

Baadaye mapafu yalimlemea. Alifariki nyumbani tarehe 19 Novemba 2016, Sumie akiwa amemshika mkono.

Juzi Chigusa alifungua kijitabu chake cha kliniki cha utotoni. Ndani mlikuwa na nakala za barua mbili. Ya kwanza ilisema: “Mdai aliambukizwa na binti yake.” Tokuzo amepiga mstari mwekundu juu ya “binti yake”. Ya pili: “Mdai aliambukizwa na virusi vya chanjo.” Pembeni ameandika kwa penseli: “Sasa imenyooka.”

Chigusa aliketi sakafuni.

“Shangazi, miaka yote nilijua ni mimi niliyemlemaza.”

“Naye alijua kwamba unajua, mwanangu.”

Ameacha mjane, Sumie. Binti yake, Chigusa. Na dada yake, Yaeko, anayemwomba radhi mbele yenu. Kaka, lala sasa. Hapana neno lililopinda.