Mabruki Taib, Aliyefunga Nyaya Chini ya Meza

Wasikilizaji wapendwa, ikiwa redio mnayonisikilizia imewahi kufa ikafufuliwa mtaani River Road, basi huenda mlishagombezwa na marehemu wetu wa leo. Mabruki Taib, fundi wa redio, mzaliwa wa Mombasa, amefariki Jumatatu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo ulikuwa mwepesi zaidi.

Jirani yake, Jamleck Mungai, muuza misumari wa mlango wa pili, ameniambia: "Huyo mzee alikuwa anagombana na redio kama mke mwenza. 'We mshenzi, nimekukosea nini?' Halafu redio inaimba!"

Leo na mimi nimekuja na hasira. Sikilizeni kwa nini.

Mwaka wa sabini na moja, klabu moja ya Westlands ilikuwa na meza kubwa kama chumba. Juu yake kulikuwa na reli ndogo, treni ndogo za umeme, na yadi ya mistari minane ya kuegesha mabehewa. Watu wazima, tai shingoni, wanacheza treni. Sicheki. Haya, nacheka kidogo.

Shida yao ilikuwa pointi. Pointi ni pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili: kipande kinasogea, treni inashika njia yake. Kuingiza treni mstari wa mwisho ilibidi ugeuze pointi moja baada ya nyingine, na kila moja ina swichi yake. Ukisahau moja tu, treni chali.

Mabruki alikuwa ameitwa kutengeneza redio ya klabu. Akawatazama wanavyohangaika, akashindwa kunyamaza.

"Mabwana, mnajitesa bure. Kila mstari uwe na kitufe kimoja. Bonyeza mara moja, pointi zote za njia hiyo zijipange zenyewe."

Mwenyekiti, ambaye jina lake silitaji, naye aonje kidogo kutotajwa, akamjibu, "Fundi, ukiweza hilo, meza hii tutaiita kwa jina lako."

Shikeni hapo, wasikilizaji. Jina. Mabruki Taib hakutaka kingine.

Jaribio la kwanza lilikuwa balaa. Pointi moja hutumiwa na njia kadhaa, kwa hiyo umeme wa kitufe kimoja ulirudi kinyumenyume kupitia nyaya za jirani. Alibonyeza kitufe cha nne, pointi za yadi nzima zikaruka, moshi ukafuka. Mkewe, Bi Mwanasha, anakumbuka jioni ile:

"Alikataa wali. Mabruki, kukataa wali! Akasema, 'Mwanasha, umeme hauna adabu, unaingia kila mlango ulio wazi.' Nikamwambia, 'Basi funga milango, bwana, uje ule.'"

Akacheka, akala, kesho yake akafunga milango. Alikwangua redio mbovu za River Road nzima akitafuta dayodi, kidude kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Akaziweka kila palipokuwa na mwanya wa umeme kurudi. Kila waya akaufunga uzi wa rangi, zile nyuzi Bi Mwanasha anazoshonea kofia, ili ajue upi unaenda wapi. Akabonyeza. Tap! Njia ikajipanga.

Siku klabu ilipoalika wageni kuja kuiona meza, alivaa kanzu yake ya Idi. Mwenyekiti akamwambia, "Mzee, kaa chini ya meza, pengine kitu kitakatika."

Chini ya meza! Kitambaa kimeshuka hadi sakafuni, na Mabruki Taib amelala chali kwenye vumbi na kanzu ya Idi. Juu yake vitufe vinabonyezwa, treni zinapita, makofi. Akamsikia mgeni mmoja akiuliza, "Nani amefanya kazi hii?"

Na mwenyekiti: "Tumeagiza kutoka ng'ambo."

Narudia, kwa aliyekuwa anamimina chai: "Tumeagiza kutoka ng'ambo."

Mabruki akachomoa waya mkuu. Treni ikasimama. Akatokeza kichwa chini ya kitambaa. "Imekwama? Pigeni simu ng'ambo."

Wageni walicheka, wakidhani ni mchezo. Mwenyekiti akainama, akamnong'oneza, "Rudisha waya, tutaongea."

"Sema kwanza ni nani aliyefunga."

"Mbele ya wageni hawa?"

"Kwani mimi ni panya?"

Akaenda zake bila kuurudisha waya. Klabu ilileta mafundi, wakaziangalia zile nyuzi za kofia, wakakuna vichwa: hakuna aliyejua rangi ipi inaenda wapi. Swichi za zamani zikarudishwa.

Bi Mwanasha anasema, "Gari likisimama nje, alikuwa ananyoosha kofia. Alidhani wale wa klabu wamekuja kusema ukweli." Hawakuja.

Jana mwenyekiti yule yule alipiga simu hapa studio. Anataka nitangaze kwamba klabu imempoteza "msaidizi mwaminifu". Nikamuuliza, zile nyaya alifunga nani? "Kijana, hayo ya kale. Mtu amekufa." Ndiyo, amekufa akingoja! Tangazo hilo silisomi. Wakubwa wangu wakitaka, wanifukuze kipindi kikiisha.

Zilifungwa na Mabruki Taib.

Pole sana Bi Mwanasha, pole binti yake Khamisa, poleni River Road. Nanyi mlio nyumbani, kabla ya kuzima redio, mfikirieni mtu mmoja aliyewafanyia kazi mkalificha jina lake. Kama yu hai, nendeni mkamtaje mbele ya wageni.

Nilimuuliza Bi Mwanasha nimalizie na nini. Akaniambia, "Sema yote, mwanangu. Lakini usiseme alisamehe."

Mwenyezi Mungu amrehemu Mabruki Taib. Hakusamehe.