Rangi Mbichi ya Mheshimiwa

Kijiwe cha Sadiya hapa Isiolo hakina benchi. Kina mapaipu ya maji yaliyoshushwa kando ya barabara kampeni iliyopita, na tangu hapo kazi yake ni kukaliwa. Asubuhi hiyo Robow alitangulia kufika, akaketi mahali pake, akasikia baridi isiyo ya kawaida. Wanamwita Juba, kwa sababu alikuwa dereva wa lori na kila hadithi yake huanzia huko. Alivuka mipaka yote bila kushikwa, akaja kunaswa na rangi mbichi ya kijani.

– Wamepaka usiku, Sadiya alisema akimimina kahawa. Mheshimiwa anakuja leo kuahidi maji.

– Na hukuniambia?

– Ulikuwa umeshakaa.

Jillo dalali wa mbuzi, aitwaye Mwenyekiti, na Gerishon karani mstaafu, aitwaye Bajeti, walipofika waliambiwa, na bado wakaketi. Nani apoteze mahali pake kwa sababu ya rangi?

– Akileta maji utamsahau, Bajeti alianza. Ukiwa na kiu utamngoja.

– Mapaipu yenyewe ni haya haya, Juba akasema. Nikitoka Juba niliyaona Garbatulla yakiwa ya manjano. Yametembea kunishinda.

– Ndama wa ngamia akifa, Mwenyekiti akauliza, si tunamwekea mama ngozi yake anuse, ndio aachilie maziwa? Haya, angalieni mnachokalia.

– Kwa hivyo sisi ni ngamia?

– Ngamia hupiga teke, Bajeti.

Sadiya alitikisa birika.

– Hii ndiyo ya mwisho. Punda wa maji hapiti siku hizi. Kesho nahamia steji ya matatu, huko kuna mfereji unaotoa maji.

Hiyo ilimwingia Juba kuliko rangi. Amekunywa kahawa miji mingi, lakini ni hapa tu anapotafutwa akichelewa.

Waithera, aliyefungua duka ng'ambo juzi, alivuka na kikombe chake.

– Habari zenu. Mheshimiwa akikuja, nani atamuuliza hayo maji yatatoka wapi?

Bajeti akatazama kikombe. Mwenyekiti akatazama mbuzi wa watu. Juba akapangusa rangi kwenye suruali.

– Kama mnaogopa kumuuliza, Sadiya alisema, mpeni mgongo tu.

Honi za msafara zilipolia, Juba alitembea hadi mbele kabisa ya umati, wenzake nyuma yake, wakageuka kumpa Mheshimiwa mgongo. Mheshimiwa aliona suruali tatu zenye rangi ya chama, akawapigia makofi.

Kijiweni, Sadiya alikuwa anazima jiko.