Bi Mwanamwema, Mwosha Aliyekoshwa na Wanawe

Marehemu Bi Mwanamwema Silima, tunayemsomea hitma hii sisi wanawake wenziwe, alizaliwa Paje tarehe 3 Aprili 1962. Alisoma Kurani chuoni, na skuli huko huko hadi kidato cha pili. Mwaka 1983 aliolewa na Bwana Badar Thuwaini, akahamia Malindi, hapa mjini Unguja. Alikuwa akila haraka, mpaka mkwewe akamwambia, "Taratibu mwanangu, chakula hakina miguu." Akacheka, na nyumba ikamzoea.

Kazi yake mnaijua. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikosha maiti za kike hapa mjini, na aliyoyaona nyuma ya pazia hakuyatoa nje. Lakini zilikuwapo siku akirudi nyumbani hagusi chakula, kwa sababu amekuta tena titi lenye kidonda, na mwenye nalo hakuwa amemwambia hata mumewe.

Kwa hiyo alipopapasa uvimbe kifuani mwake, mwaka 2024, aliogopa kuliko mtu yeyote. Akanyamaza miezi. Ndiyo, hata yeye.

Binti yake mdogo, Maha, ndiye aliyefuatana naye hospitali. Kinyama cha ule uvimbe kilikatwa, kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa protini. Daktari alisema saratani za titi hazifanani, na protini zilizomo ndizo zinazoonesha dawa ipi itafaa na ugonjwa una mbio gani. Majibu yakarudi: zile tatu zilizotafutwa hazikuonekana.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanamwema.

"Bibi, tungezikuta, dawa ingepata pa kushika," daktari akasema. "Sasa imebaki kemo, ile dawa kali ya mishipani."

"Basi nipe hiyo. Mbio za ugonjwa usinambie."

Akaambiwa Maha, nje ukumbini, kuwa ugonjwa una mbio sana. Maskini, naye alikuwa na kivimbe chake tayari, na siku ile woga ukamfunga mdomo kabisa.

Kemo ilimpa Bi Mwanamwema nafuu, kisha ugonjwa ukaingia mapafuni. Aliwausia wanawe: "Mwosha huoshwa. Nikosheni nyinyi, na kifua changu msikipite mbio. Kitazameni." Alifariki nyumbani Malindi, Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, akazikwa Paje alasiri ile.

Wanawe ndio waliomkosha, kabla ya maziko. Walipofika kifuani, Maha akaweka kopo chini, akaushika mkono wa dada yake, Kulthum, akautia chini ya kanga yake mwenyewe.

"Dada, na mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu mama hajaanza kemo. Nnaogopa."

Kulthum hakumfokea. "Tumalize kumkosha mama," akasema, "kisha tutakwenda."

Haya yanasomwa kwa ruhusa ya Maha. Jumatatu anakwenda kukatwa kinyama, na bado hajui kitakutwa nini.

Marehemu ameacha mume, Bwana Badar, watoto wawili, Kulthum na Maha, na mjukuu, Asila. Mola amrehemu na amnawirishie kaburi lake. Na aliyemo humu mwenye lake kifuani, Maha anamwomba wafuatane Jumatatu asubuhi. Anasema anaogopa kuwa peke yake.