Kapteni Sigrun Anamwacha Bi Agatha

Tarehe 30 Septemba 2016, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuturushia ndege na kutukaripia, Kapteni Sigrun Halldorson anastaafu kazi katika Makumbusho ya Ndege ya Stony Reach. Sisi wa hanga, banda la kuwekea ndege, tunajua maana yake. Kuanzia Oktoba hakutakuwa na mtu wa kutufokea tukiacha vikombe vya kahawa juu ya bawa. Hajaondoka bado, na tayari wapo waliokwisha kuanza kumkumbuka.

Kapteni alizaliwa kando ya Ziwa Winnipeg, katika ukoo wa Waaislandi waliohamia Manitoba, watu wa kuvua samaki chini ya barafu na kubishana juu ya hali ya hewa. Ujana wake aliumalizia angani, akipeleka unga, barua na wajawazito kwenye vijiji vya kaskazini kwa ndege zinazotua ziwani. Baadaye akazima moto wa misitu kwa kuumwagia maji kutoka juu. Alipokuja kuomba kazi kwetu mwaka 1987, mwenyekiti wa wakati ule alimpima kimo kwa macho, akauliza kama miguu yake itafika kwenye pedali.

"Nikiwekewa mto itafika," akajibu. "Wewe ukiwekewa mto, utaweza kurusha?"

Akaanza kazi Jumatatu, na mto alikuja nao mwenyewe.

Kwa wageni wasiomjua Bi Agatha, huyo ndiye mwenye hanga. Ni ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, aina ya Lancaster, yenye injini nne, na hakuna injini mbili zilizowahi kuelewana. Huvuja mafuta mchana kutwa. Fundi wetu mkuu, Wally Prystupa, huwatuliza watoto wa shule kwa kuwaambia: "Akivuja, mafuta yamo. Siku akiacha kuvuja, kimbieni."

Mengi yanaweza kusimuliwa juu ya Kapteni na Bi Agatha, lakini hakuna linalopita safari ya mwaka 2006. Wenzetu wa Lincolnshire, Uingereza, walitualika kwenye maonyesho ya kuwakumbuka vijana waliorukia vitani kutoka kwenye viwanja vyao, wengi wao wakiwa watoto wa Kanada. Bi Agatha alikuwa hajavuka bahari tangu vita viishe. Tukachaguliwa watu wanne: Kapteni Sigrun, rubani msaidizi Desmond Pruitt, mrefu mwenye masharubu ya kutisha na roho ya kondoo, Wally, na mimi, Murray, wa redio. Wa tano alijichagua. Bwana Clarence Fothergill, mwenyekiti wetu, alisema anakwenda kuiwakilisha bodi. Sote tulijua anakwenda kupiga picha.

Choo cha Bi Agatha ni ndoo yenye kifuniko, iliyofungwa sakafuni karibu na mkia, peupe kabisa. Siku mbili kabla ya safari, Kapteni alikuja na pazia la jikoni kwake, la maua ya alizeti, akalitundika mbele ya ndoo. Wally akanung'unika kwamba linaharibu historia.

"Historia haina haja ya kuniona," akasema Kapteni, akaendelea kukaza kamba.

Ndege hiyo ina hita moja tu, nayo hupuliza kwenye kiti cha redio. Basi tulipokuwa tukienda mashariki, Kapteni na Desmond walitetemeka ndani ya makoti ya ngozi ya kondoo, na mimi nikakaa na fulana, jasho likinitiririka. Bwana Fothergill alipogundua siri hiyo alihamia kwangu, akakaa juu ya sanduku la sandwichi, na hivyo ndivyo sandwichi zetu zilivyopata joto na kuisha kabla hatujafika Goose Bay, kituo chetu cha mwisho Kanada.

Asubuhi iliyofuata tuliiacha nchi kavu kuelekea Greenland. Chini maji meusi na vipande vya barafu, juu mawingu. Tulikuwa tumekwenda zaidi ya saa nzima Wally alipopiga magoti kati ya marubani, akagonga geji moja ya joto kwa kidole.

"Kapteni, namba tatu anachemka."

"Sana?"

"Ningeweza kukaangia maandazi ya pierogi."

Kapteni akaizima injini namba tatu. Pangaboi lake likasimama palepale bawani, nasi tukalitazama kama watu wanaotazama jino lililong'oka. Bi Agatha akaendelea na tatu zilizobaki, kidogo kwa upande, kama mama aliyebeba ndoo mkono mmoja. Kwenye redio nikapata habari za Greenland: ukungu ulikuwa umeanza kuingia kwenye ghuba. Uwanja wa kule uko mwisho wa ghuba nyembamba, milima huku na huku. Ukikosea njia, hakuna ya pili.

"Tatu zinatutosha kufika," Desmond akasema.

"Zinatutosha zikibaki tatu," akajibu Kapteni. "Murray, waambie Goose Bay tunarudi."

Hapo Bwana Fothergill akaacha hita kwa mara ya kwanza siku ile. Akaja mbele akijishika huku na huku, uso mwekundu.

"Unarudi? Waingereza wametayarisha bendi! Kuna meya! Kuna watu wazima wanatusubiri na bendera mkononi!"

"Watazishusha kidogo, mikono ipumzike."

"Mimi ni mwenyekiti wa bodi. Nakuamuru uendelee."

"Bwana Fothergill, kaa chini, unaniegemea kiwiko."

"Ukigeuza ndege hii nakufukuza kazi! Sasa hivi!"

Kapteni alikuwa ameshaanza kuigeuza. Hakutazama nyuma. "Nifukuze tukifika chini," akasema. "Ukinifukuza hapa, nani atakushusha?"

Bwana Fothergill akamtazama Desmond. Desmond akatazama dirishani, masharubu yakitetemeka. Mwenyekiti akarudi kwenye hita.

Nitasema kweli, siku ile sote tulidhani Kapteni ameharibu. Hata mimi. Tulitembea kwenda kantini, na Desmond akanong'ona kwamba tatu zingetosha kabisa. Kapteni alisikia. Akachukua supu yake, akakaa meza ya peke yake, akaanza kula.

Wally hakuja kula. Alifungua injini namba tatu, akakuta pampu ya maji ya kupozea imevunjika vipande. Kisha, kwa kuwa ni Wally, akafungua na namba mbili, ambayo haikuwa imelalamika hata kidogo. Akaja kantini na mikono yake myeusi, akaweka mbele ya Bwana Fothergill, kando ya sahani yake ya samaki, bomba la mpira lenye urefu wa mkono. Akalikunja kidogo. Likakatika.

"Hili ni la namba mbili," akasema. "Lilikuwa limeshikwa na uzi. Saa moja zaidi, kama si chini ya hapo, tungebaki na injini mbili, ukungu mbele na barafu chini. Endelea kula, bosi, samaki atapoa."

Mwenyekiti hakuendelea kula. Alisimama, akaenda hadi meza ya Kapteni.

"Ile kazi," akasema.

"Ndiyo?"

"Bado ni yako."

"Nashukuru. Kaa, supu ya hapa si mbaya."

Pampu ilipatikana kwa mzee mmoja wa Nova Scotia ambaye alikuwa na injini ya namna hiyo hiyo ndani ya mashua yake ya mashindano. Aliing'oa kwa mkono wake, mkewe akishangilia, tukaambiwa. Safari ya pili Greenland ilitupokea na jua kali, na Aislandi ikatupokea na kicheko. Kapteni aliwasemesha vijana wa kujaza mafuta kwa Kiaislandi alichorithi kwa bibi yake, kwa sauti ya madaha. Vijana wakashikana mabega.

"Kapteni, usikasirike," mmoja akasema huku akijifuta machozi. "Unaongea kama bibi ya bibi yangu. Umeniambia, 'Ewe barobaro mwema, mnyweshe farasi wangu.'"

"Basi mnyweshe," akasema Kapteni. "Tena ajae hadi shingoni."

Tulifika Lincolnshire tumeshachelewa onyesho la kwanza, ambalo kumbe lilivunjwa na mvua, bendi nzima ikiwa imejibanza chini ya hema. Meya alimpita Kapteni, akaenda kumshika Desmond mkono na kumpongeza kwa urubani wake. Desmond akafungua kinywa kukanusha. Kapteni akamkanyaga mguu, na hivyo ndivyo Desmond Pruitt, anayeogopa watu kuliko radi, alivyojikuta akihutubia uwanja mzima kwa dakika nzima, nusu yake ikiwa ni kukohoa. Ofisa mmoja mstaafu wa jeshi la anga alikagua ndege hadi mkiani, akauliza kama pazia la alizeti ni la asili. "Lile lilikuwa siri kubwa ya vita," Kapteni akamwambia. Ofisa akainamisha kichwa kwa heshima.

Siku ya mwisho aliletwa mama mmoja, Edna Thackeray, ambaye wakati wa vita alikuwa msichana wa kugawa chai kwenye uwanja uleule. Aliomba kuingia ndani. Katikati ya Bi Agatha kuna mhimili wa mabawa, mkubwa kama ukuta, ambao vijana huuruka kwa taabu. Tulimsukuma kwa nyuma, tukamvuta kwa mbele, na alipofika juu ya mhimili akakwama, mguu mmoja huku, mmoja kule.

"Mama, tukushushe?" Kapteni akauliza.

"Niacheni hapahapa. Hawakuwahi kuniruhusu kufika hapa."

Akakaa, akaomba chai. Tukampa. Alipokunywa nusu akamuuliza Kapteni kama ni kweli aligeuza ndege njiani. Alikuwa ameisikia habari hiyo kutoka kwa Bwana Fothergill, ambaye kwa wakati huo alikuwa akiisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyeamuru kurudi.

"Ni kweli, mama."

"Hapa palikuwa na mvulana, Reg. Mcheshi. Alikuwa akiiba sukari yangu. Siku moja alirudi njiani, injini mbovu. Wakubwa wakamhoji, wenzake wakamwita mwoga. Safari iliyofuata injini yake ikaharibika tena, na watu wakamsikia kwenye redio akisema safari hii harudi." Akatazama kikombe. "Asubuhi nilimwekea sukari yake mezani. Umefanya vizuri kurudi, binti yangu. Kwa niaba ya wale ambao hawakuweza."

Bwana Fothergill, aliyekuwa amesimama mlangoni na kamera yake, hakupiga picha. Tangu siku hiyo, akisimulia habari ya kule baharini, husema "Kapteni Sigrun aliamua", na mara moja moja huongeza, "nami nilimpinga."

Baada ya safari ile Kapteni alifundisha marubani sita kumrusha Bi Agatha. Wote amewafundisha kutua kwanza, na kurudi pia, na kuruka akawaachia mwisho. Wote wako hai, na wote wanalalamika kwamba alikuwa mkali.

Wiki mbili zilizopita alitua kwa mara ya mwisho. Injini zikazimwa moja baada ya nyingine, Wally akaweka ngazi, tukasubiri chini na keki ya matabaka ya plamu aliyoipika dada yake Kapteni. Hakushuka. Wally akagonga ubavu wa ndege: "Kapteni, kuna nini?"

"Hakuna. Ngojeni. Anapoa, namsikiliza."

Tukanyamaza sote. Ni kweli, chuma kikipoa husema: tik, tik, tik, kila injini kwa wakati wake. Tulisimama pale hadi ya nne ikamaliza.

Kapteni Sigrun, asante kwa kutupeleka, na asante zaidi kwa kutuleta. Ziwa likutunze, samaki wakujie, mbingu ya Manitoba ikufungukie kila asubuhi ukiwa na kikombe chako mkononi. Kipumzishe popote upendapo, hata juu ya bawa.

Murray Lavallee, wa redio, kwa niaba ya wenzako wote wa hanga